Daftari la Mama, Galula

Kitabu cha mapishi kilichotulea nyumbani kwetu Galula hakikupigwa chapa popote. Kilikuwa daftari la mistari, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia, na mama alianza kuliandika mwaka 1975, muda mfupi baada ya kujua kuandika. Nilikuwa shule ya msingi wakati huo. Jioni alinichukua kwenye kisomo cha watu wazima ili nimbebe mdogo wangu, na ndiyo sababu mambo haya niliyaona kwa macho yangu.

Watu wa rika langu wanaikumbuka miaka ile. Mwaka 1973 ilipita kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wakakaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakarudi kwao kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, wakati njaa ya mwaka uliotangulia bado iko midomoni mwa watu. Sisi tulikuwa Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe, ambamo Galula imo leo, haukuwepo hadi 2016. Kikundi chetu kilikutana chini ya mti, si mbali na misheni. Mwalimu alifungua redio, kipindi kikaisha, akatusomea kitabu cha kikundi, halafu yakaanza maswali. Akina mama walikuja na karanga zao wakibangua huku wakisikiliza. Hakuna aliyekaa mikono mitupu.

Somo lenyewe lilikuwa la makundi matatu: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Usiku ule mama alichukua daftari, akapiga mistari miwili wima kwenye ukurasa wa kwanza, akapata vyumba vitatu. Penye nguvu akaandika mtama, uwele, mihogo, mchele. Penye kujenga akaweka kambale, gege, kunde, karanga na kumbikumbi. Penye kulinda yakaja majani ya maboga, mlenda, kisamvu, ubuyu, maembe. Aliandika polepole, ulimi umebana kwenye kona ya mdomo, na kibatari kikimfukizia moshi usoni. Alipomaliza alimwambia baba, "Baba fulani, kumbe vyote tunavyo."

Neno lile limenikaa moyoni miaka yote. Kampeni haikumpa mama chakula kipya hata kimoja. Ilimpa sababu ya kukiandika alichokuwa nacho. Mwezi Agosti mwaka ule ulifanyika mtihani wa kisomo nchi nzima, naye akaufanya. Serikali ilitangaza kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamepungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39. Takwimu hizo zimeandikwa sana vitabuni. Sijaona mahali palipoandikwa kile wanawake kama mama walichokifanya na kalamu zao baada ya mtihani, na kwetu jibu ni hili: waliandika mboga.

Ukurasa uliochakaa kuliko yote ni wa kambale mkavu. Bonde letu ni la joto, Mto Songwe unapita kuelekea Ziwa Rukwa, na samaki wa ziwani walitufikia wakiwa wamekaushwa kwa moshi, wamekunjwa mkia mdomoni. Mama ameandika, kwa tahajia yake: "Kambale wa kalanga. Kalanga kikombe cha bati. Wageni wakija, viwili." Mengine niliyaona kwa macho. Kambale aliloweshwa kwenye maji ya moto mpaka ngozi ilegee, akasuguliwa kwa pumba kuondoa masizi, akavunjwa vipande, na kichwa kikapasuliwa kutoa mifupa midogo. Karanga zilikaangwa kavu kwa moto mdogo, zikapepetwa maganda, zikatwangwa na kuchekechwa. Unga wake ulikorogwa kwanza kwa maji ya baridi ndipo ukamiminwa chunguni penye nyanya na kitunguu. Hapo mama hakuondoka. Karanga zikianza kuchemka hufura na kumwagika mara moja, kwa hiyo chungu hakifunikwi na mwiko hautulii. Kambale aliingia baada ya povu kushuka. Mwisho wa kazi aliuandika vizuri kuliko mwalimu yeyote wa mapishi niliyemsoma baadaye: "Usiipue mpaka mafuta yaonekane juu." Chumvi baada ya hapo, kwa kuwa kambale huja na ya kwake.

Hakuna gramu wala dakika katika daftari lile. Kuna kikombe cha bati, konzi, chungu kidogo na chungu cha wageni. Muda unapimwa kwa dalili: mafuta kuelea, mlenda kuvutika, ugali wa mtama kuacha kushika ukingo wa sufuria. Huo nauona ni upimaji sahihi kabisa kwa jiko la kuni, ambalo moto wake hubadilika kila ukisogeza kuni.

Kurasa za katikati ni za miaka ya 1980. Atakayezisoma bila kujua historia atadhani mama alipenda vyakula vya ajabu. Sukari iliadimika, sabuni ikaadimika, mafuta ya kupikia yakawa ya kupanga foleni duka la kaya, na unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani ukaingia, watu wakauita Yanga kwa rangi ya jezi za timu. Kwetu mtama ulitusitiri zaidi kuliko wa mjini walivyositirika, lakini unga ule ulitufikia, na mama akauwekea ukurasa: uchanganywe na unga wa muhogo, upikwe uji mzito kwanza, usongwe muda mrefu. Mboga za ukurasa huo hazina mafuta ya dukani hata kidogo. Ni karanga na ufuta tu. Majani ya kunde yalichemshwa kidogo, yakaanikwa, yakahifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, kisha yakapikwa kwa maji ya magadi yaliyochujwa kwenye majivu ili yalainike. Nikiisikia leo shida ya miaka ile ikisimuliwa kwa bei na foleni peke yake, huwa nataka kumpa msimulizi ukurasa huo asome.

Niliondoka Galula, nikasoma, nikaajiriwa Dar es Salaam. Huko maktaba ndiko nilikokutana na kitabu cha Eva Pendaeli-Sarakikya, Tanzania Cookbook, kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978. Nilikisoma nimesimama. Kiliniheshimisha, nilifurahi kuona chakula chetu kimepewa kurasa za kupigwa chapa, na nakithamini hadi leo. Ila kiko kwa Kiingereza, na mama yangu aliyejua kusoma vizuri Kiswahili chake asingeweza kukifungua. Nadhani nchi iliyofundisha mamilioni kusoma ilipaswa kuwaandalia akina mama wa vijijini kitabu kama hicho kwa lugha waliyofundishwa, na naamini bado inapaswa.

Mama ametangulia mbele ya haki. Daftari ninalo mimi, na wanangu walioko Tunduma na Mbeya wana nakala niliyoichapa neno kwa neno, "kalanga" ikiwemo. Nilipokuwa naichapa ndipo nilipogundua kwamba togwa haimo. Aliipika kila msimu wa kulima. Nadhani aliona hakuna haja ya kuandika jambo ambalo kila mtu analijua.

Nilifunga safari hadi kwa shangazi. "Shikamoo shangazi, nimekuja kuuliza togwa." Akaniitikia marahaba, akacheka, kisha akanikalisha jikoni. Ulezi huloweshwa, hufunikwa hadi uchipue, huanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Unapikwa uji mzito wa mtama, unaachwa upoe hadi kidole kivumilie, ndipo kimea kinakorogwa ndani. Uji ukiwa wa moto sana kimea hufa. Ukiwa wa baridi hakifanyi kazi. Uji uliosimamisha mwiko hulegea mbele ya macho yako, na kesho yake ni mtamu bila sukari.

Shangazi hakujua kwamba katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walihimiza kimea hichohicho kwa uji wa watoto wadogo. Kimea huvunja wanga, hivyo unaweza kuongeza unga mwingi na uji ukabaki mwepesi, mtoto akashiba kwa tumbo lake dogo. Nilipomweleza alinitazama kidogo, akasema, "Basi mwandike na mtoto. Vijiko viwili vya kimea kwa bakuli, na uuchemshe tena kabla ya kumpa." Nimeandika.