Ramani ya Kitu Kisichoonekana

Kusini ya Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wa zamani walilitazama kabla ya kushika jembe, zipo nyota mbili ambazo jicho tupu haliwezi kuziona. Jina lao ni V471 Tauri. Moja ina rangi ya chungwa na ni ndogo kidogo kuliko Jua. Nyingine ni kibete cheupe, mabaki ya nyota iliyokwisha kuni zake, ukubwa wake unakaribia wa Dunia. Huzungukana kila baada ya saa 12 na nusu, na nuru yao hutufikia baada ya miaka kama 155.

Ile ya chungwa hujizungusha kwa muda huohuo, mara 50 hivi kuliko Jua, na kasi hiyo huipa sumaku kali. Nyota za namna hii hunasa gesi juu sana ya uso wao, ndani ya matao ya sumaku. Bila matao hayo, gesi ingetupwa nje kama maji kwenye nguo inayozungushwa.

Mimi huchora ramani ya gesi hiyo, ingawa hakuna darubini inayoweza kuipiga picha. Aliyenielewa upesi ni baba yangu, ambaye presha ya macho ilimpofusha. Akikaa barazani, kwa mlio tu anajua kama daladala linakuja au linakwenda. Nuru nayo ni hivyo: gesi ikitujia, mstari mwekundu wa hidrojeni husogea upande wa bluu, ikituacha, hurudi upande mwekundu. Njia ya kugeuza mienendo hiyo kuwa ramani ilielezwa na Tom Marsh na Keith Horne mwaka 1988. Kwa kuwa gesi iliyonaswa huzunguka pamoja na nyota kama gurudumu, yenye kasi zaidi ndiyo iliyo mbali zaidi na kitovu.

"Na hiyo gesi inakusubiri, mwanangu?"

Hapo ndipo penye ugumu. Usiku mmoja hautoshi mzunguko mzima. Naunganisha siku kadhaa, nikichukulia kwamba gesi imetulia mahali pake.

"Sumaku inaishika, baba. Lakini si milele."

Akanyamaza kidogo.

"Basi kila ramani iandike tarehe."