Adabu ya Programu Nyumbani mwa Mtu
Katika kompyuta za Unix, faili lenye jina linaloanza kwa nukta halionekani katika orodha ya kawaida. Watunga programu waliliona pazia hilo, wakatupa nyuma yake mipangilio ya kila namna, hata nyumba ya mtumiaji ikajaa vitu asivyovijua. Mwaka 2003 mradi wa freedesktop.org ulitoa mapatano: mipangilio ikae katika saraka ya .config. Hayana faini, baadhi huyapuuza, wakidai kuwa desturi isiyo na adhabu haimfungi mtu. Hoja dhaifu! Nyumba si yao. Mwenyewe akihamia kompyuta mpya huokota faili mojamoja, kama mpangaji aliyefichiwa vyombo. Programu kongwe, kwa kweli, zina udhuru: zikihama ghafla, mipangilio ya miaka mingi hupotea. Basi na zisome kwanza mahali pa zamani.