Nyota zenye herufi za onyo

Leo tuache siasa kidogo, twende angani.

Nimekuwa nikisoma kuhusu mradi uitwao 2MASS. Kati ya 1997 na 2001, darubini mbili zenye vioo vya mita 1.3, moja Arizona, Marekani, na nyingine Chile, zilipima karibu anga lote kwa infraredi ya karibu, yaani mwanga uliopo ng'ambo kidogo ya wekundu tunaouona. Mwanga huo hupenya vumbi linalotufichia sehemu kubwa ya galaksi yetu. Machi 2003 data zote zikatolewa bure: vitone vya mwanga 470,992,970, ukiacha galaksi na vitu vingine vilivyotandaa.

Ila kilichonikuna mimi mwandishi wa habari si idadi. Ni herufi zilizopo pembeni ya kila kitone.

Kila kimoja kimepewa alama ya ubora kwa kila rangi kati ya tatu zilizopimwa. A ni kipimo kizuri. Ukishuka hadi D, mashaka yanaongezeka. Halafu kuna alama ya uchafuzi. Nyota kali ikipita, huacha mabaki ya mwanga kwenye kamera, na mabaki hayo yanaweza kuhesabiwa kama nyota. Jamani, nyota hewa! Wataalamu waliisaka mizuka hiyo. Iliyothibitika kuwa mizuka mitupu ikaondolewa. Nyota halisi iliyochafuliwa ikabaki, na herufi yake ya onyo. Takriban kila saa darubini zilirudi kwenye nyota zenye mwangaza unaojulikana, kuona kama vipimo vimeyumba. Vipande vya anga vilivyopimwa vibaya vilirudiwa.

Mimi nina mhariri aliyewahi kunifutia neno "haijathibitishwa" kwa sababu, eti, linapoza habari. Tuligombana. Hawa wenzetu wameandika mashaka yao mbele ya dunia nzima, mstari kwa mstari, na katalogi haikupoa hata kidogo. Kwa data za mradi huu, hata kabla ya toleo la 2003, zilitambuliwa nyota hafifu na baridi kiasi kwamba ikabidi yaongezwe madaraja mapya, L na T. Anayesaka vitu adimu vya aina hiyo huanza kwa kusoma zile herufi, maana kitone chekundu kupita kiasi huenda ni uchafu tu.

Mwongozo wake, pamoja na kasoro walizozitaja wenyewe, bado upo mtandaoni. Ni mrefu. Jiandae na chai.