Mialiko ya arusi inageuka visanduku vya zawadi

BUNIA – Kadi ya mwaliko wa arusi haina maisha marefu hapa kwetu. Jumatatu inaletwa nyumbani, Jumamosi inaonyeshwa kwenye mlango wa ukumbi, Jumapili mtoto ameisha kuchora gari juu yake. Na familia ziliilipia bei: karatasi nene, ua la rangi ya dhahabu, utepe, majina mawili kwa herufi za kuzunguka. Sisi wa redio tunazipata nyingi, sababu kila kamati ya arusi inapenda tangazo lake lisomwe hewani.

Zangu zote sasa zinaenda kwa mama mdogo, kata ya Lumumba. Alikuwa mkulima upande wa Djugu, na tangu vita ilipoanza tena kule Desemba 2017 hajarudi kuona shamba lake. Hapa mjini alijaribu kuuzisha makaa, akajaribu mafuta ya mawese. Sasa anatengeneza visanduku vidogo vya zawadi kwa kadi zilizokwisha kutumika, na kazi hiyo ndiyo inalipa minervali ya wajukuu wawili.

Kazi yenyewe ni hesabu zaidi kuliko ufundi wa mikono. Kadi inakatwa kwenye mkunjo, zinatoka karatasi mbili. Ile yenye ua itakuwa kifuniko, ile ya maandishi itakuwa kitako. Tuseme kila moja ina sentimita 15 kwa 10 na nusu. Kifuniko kinabaki hivyo. Kitako kinapunguzwa milimita 4 kwa urefu na milimita 4 kwa upana. Usipopunguza, vyote viwili vinalingana na kimoja hakiingii ndani ya kingine. Kisha unapiga mistari minne, kila mmoja sentimita 2 na nusu kutoka ukingo. Biki iliyoisha wino inapitishwa juu ya mistari kwa kukaza, ili karatasi ikunjike bila kupasuka. Mikasi inaingia mara nne tu, mara mbili kila upande mfupi, na inasimama pale mistari inapokutana. Pembe zinakunjwa kuingia ndani, zinapakwa gundi, basi. Kifuniko kinatoka na nafasi ya sentimita 10 kwa 5 na nusu: hereni zinaenea, saa inaenea, pipi za wageni pia.

Gundi hanunui. Anapika uji mzito wa unga wa muhogo. Unashika vizuri, lakini mende wanaupenda, na siku za mvua unakawia kukauka, kwa hiyo visanduku vyake vinalala ndani ya beseni lenye kifuniko kama mkate.

Anauzisha kimoja franka 1.000. Wateja wake wazuri ni mafundi wa dhahabu. Muji wetu unajulikana kwa dhahabu, lakini mara nyingi utaona pete ya ndoa inatolewa kwa mwenyewe ndani ya kipande cha sashe! Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki, na sashe bado zinajaa kwenye mitaro yetu mvua ikinyesha. Sisemi visanduku vya mama mdogo vitasafisha mto Nyamukau. Nasema tu pete inapendeza zaidi ndani ya kisanduku.

Kuna jambo moja tulibishana. Kitako cha kisanduku kinabeba maandishi ya mwaliko: jina la bwana arusi, la bibi arusi, majina ya wazazi, kijiji wanakotoka. Hapa Ituri jina linasema mengi kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Siku moja mteja alifungua kisanduku, akasoma ndani, akakirudisha mezani polepole na akaenda bila kuuliza bei. Tangu siku ile mama mdogo anabandika karatasi nyeupe ndani ya kila kimoja.

Mimi nilimwambia aache majina yaonekane, watu wazoee kuona majina ya wenzao mahali pa furaha. Alinitazama.

– Mwanangu, wewe unakula mshahara wa redio. Mimi nakula visanduku.

Karatasi nyeupe imebaki, na kwa upande wa biashara yeye ndiye mwenye haki. Mimi bado sijapenda.

Lakini kuna kadi ambazo hata yeye hakati. Anasoma kila moja kabla ya kushika mikasi, polepole, kidole kikifuata herufi. Akikuta jina la mtu aliyekufa, au la kijiji kilichochomwa ambacho alikuwa anakijua, anaiweka pembeni. Zimefika kama kumi na tano, amezifunga kwa utepe uliotoka kwenye kadi nyingine, zinakaa chini ya godoro. Mjukuu mkubwa aliuliza kama zile nzuri zinangoja nini. Hakujibiwa.

Wiki hii ana komande ya visanduku 40 kwa ajili ya posa ya Jumamosi, na kadi zimepungua. Nimemletea 26. Mbili ni za Noeli, zenye unga wa kumetameta unaobaki kwenye vidole, na hizo amenirudishia.