Dranya Wakati wa Mvua za Kwanza

Msafiri atokaye Arua kwenda Koboko hana tena sababu ya kuilalamikia barabara kuu. Ile njia ya zamani, iliyokuwa ikirusha vumbi wakati wa kiangazi na kumeza magurudumu wakati wa mvua, ilitiwa lami katika miaka ya 2010, kuanzia Vurra katika mpaka wa Kongo, kupitia Arua na Koboko, hadi Oraba mlangoni mwa Sudan Kusini. Lakini lami haikuingia vijijini. Mtu aendaye ndani ya gombolola ya Dranya huiacha kando, akapanda bodaboda, akafuata udongo mwekundu. Na hapo ndipo mwisho wa Machi humkamata.

Asubuhi huondoka nyumbani kwa jua kali. Vumbi la miezi mitatu bado limelala juu ya majani ya miembe, na hewa ni kavu hata midomo hupasuka. Ifikapo saa nane mchana joto huwa zito, kuku hukaa chini ya ghala na midomo wazi, na upande wa Kongo mbingu hugeuka rangi ya chungu kilichoungua. Saa tisa upepo huja kwa kishindo, hubeba mabua, mikeka na nguo zilizoanikwa, kisha hunyamaza. Wenyeji hutazamana. Huenda mvua ikashuka kwa saa moja na kuufanya mtaro kuwa mto. Huenda pia yakaanguka matone kumi, yakatoboa vumbi, na jua likarudi kana kwamba halikwenda popote. Jioni yule msafiri aliyetoka na shati moja hutetemeka kwa baridi, na viatu vyake vimekuwa vizito kama matofali.

Wageni waliohamishiwa huku kikazi kutoka kusini mwa Uganda, na hasa waliosoma vitabuni habari za masika na vuli za pwani, hutafuta utaratibu wasiuone. Dranya iko karibu na nyuzi tatu na nusu kaskazini mwa ikweta. Kiangazi chake huanza Desemba na kuishia Machi. Mvua hutulia mahali pake katika Aprili na Mei, hupungua kidogo katikati ya mwaka, kisha hurudi kwa nguvu kuanzia Agosti hadi Oktoba. Huo ndio mpango kwa ujumla. Taabu yote iko katika majuma manne au matano ya kufungua mlango.

Sababu yake si siri. Jua huvuka ikweta kwenye tarehe 21 Machi, na siku nane hivi baadaye huwa juu kabisa ya Koboko wakati wa adhuhuri. Mvua hulifuata jua, lakini kwa kuchelewa. Upepo mkavu wa kaskazini-mashariki, uliotawala tangu Desemba, haukubali kuondoka kwa siku moja. Na hewa yenye unyevu itokayo kusini na katika misitu ya Kongo husonga mbele leo, kesho ikarudishwa nyuma. Dranya iko katikati ya mvutano huo. Hata Uingereza watu huulalamikia mwezi wa Aprili kwa kigeugeu cha aina hii, tofauti ni kwamba wao huhofia kulowa kanzu, na hapa panahofiwa chakula.

Zamani jambo hili lilikuwa mikononi mwa wakuu wa mvua. Wakakwa wa Koboko, na jirani zao Walugbara, walikuwa na wazee wa koo maalumu waliotunza mawe ya mvua ndani ya chungu, nao ndio waliopewa heshima mvua iliponyesha na ndio waliobeba lawama ilipokawia. Siku hizi lawama hupelekwa kwenye redio. Si haki sana, kwani utabiri wa msimu husema juu ya eneo zima, wala hauahidi kitu kwa shamba la mtu mmoja. Katika siku hizi za mwanzo mvua yaweza kunyesha kwa jirani, ikasimama kwenye mstari wa minyonyo kama iliyozuiwa na askari wa zamu.

Katika nyumba za askari kero ya kwanza ni sare. Sare iliyofuliwa Jumamosi huanikwa, huanuliwa, huanikwa tena, huanuliwa tena, na Jumatatu alfajiri huvaliwa ikiwa mbichi kwenye mikunjo na ina harufu ya mbwa aliyenyeshewa. Mkaa umelowa, moshi umejaa jikoni, mtoto anakohoa. Chini ya paa la bati mvua ikipiga hakuna asikiaye la mwenzake, na ugomvi mwingi huahirishwa kwa sababu hiyo tu.

Kero iliyo nzito zaidi ni muhogo. Katika nyumba nyingi za West Nile ugali hupikwa kwa unga wa muhogo, mara nyingi ukichanganywa na mtama. Muhogo mchungu humenywa, huvundikwa mpaka ulainike, hukatwakatwa, kisha huanikwa juani juu ya mikeka, turubai au mwamba mtupu. Wakati wa kiangazi kazi hiyo haihitaji akili, mwanzoni mwa mvua inahitaji mlinzi. Mtoto mmoja huachwa nyumbani kutazama mbingu, na akilegea kwa sababu ya mpira, muhogo wa siku nne huota ukungu mweusi na bei yake sokoni hushuka. Tena kuna hatari kubwa kuliko bei. Sumu ya muhogo mchungu hutolewa kwa kuvundika na kukausha, na mwenye njaa asiyeona jua hushawishika kupunguza siku. Mwaka 2017 huko Kasese, magharibi mwa Uganda, watu wapatao 98 waliugua baada ya kula ugali wa muhogo wenye sumu nyingi, na wawili walikufa. Akina mama wa Dranya hawahitaji kuambiwa habari hiyo mara mbili. Ndiyo maana huwaona wengine wakiuhamishia muhogo wao ndani, karibu na moto, hata watu wakakosa mahali pa kulala.

Wanaume nao wana yao. Matofali mabichi yaliyokwisha kupangwa yakisubiri kuchomwa hurudi kuwa udongo kwa mvua moja. Nyasi za kuezekea hukatwa Januari na Februari, kabla moto wa nyikani haujazila. Aliyechelewa hulala akihesabu matone. Hayo husikitisha, lakini mtu huyazoea.

Lisilozoeleka ni swali la mbegu. Katika boma moja la Dranya aliishi mke wa askari aliyekuwa kazini Karamoja, pamoja na watoto wanne na mama mkwe wake. Mume alituma fedha kwa simu, zikanunuliwa mbegu za karanga, zikamenywa kwa mikono kwa jioni tatu na kutiwa katika beseni lenye kifuniko. Hapakuwa na fedha nyingine. Tarehe 24 Machi mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi udongo ulikuwa laini hadi kiwiko, na majirani wote walikuwa mashambani.

“Mama, na sisi tupande leo,” alisema yule mke.

“Mwanangu, hii si mvua,” alijibu mama mkwe, naye hajainuka kitini. “Hii imekuja kuchungulia. Mvua yenyewe huja baada ya kumbikumbi kuruka mara ya pili.”

Kila mmoja alikuwa na sababu. Karanga iliyopandwa katika mvua ya udanganyifu hunywa maji, huvimba, na udongo ukikauka siku kumi hufia humo humo. Kichakuro na kunguru humalizia zilizobaki. Lakini kuchelewa nako kuna adhabu yake. Karanga zilizopandwa nyuma ya wenzake hushambuliwa zaidi na vidukari vinavyoeneza ule ugonjwa wa kudumaza majani na kuyafanya manjano, na mmea ulioshikwa ungali mchanga hauzai kitu. Basi aliyetangulia hukosea, aliyechelewa hukosea, na jirani aliyebahatisha huitwa hodari.

Mume alipiga simu jioni. Huko aliko, alisema, jua lilikuwa likichoma hata mbuzi hawalali chini. “Mmeshapanda?” aliuliza. Mke akaeleza maneno ya mama. Mume akanyamaza kidogo, kisha akasema kama wasemavyo wana walio mbali: “Msikilize mama, lakini usiache shamba tupu.” Amri ya namna hiyo ni rahisi kuitoa ukiwa Karamoja. Yule mke akapanda nusu ya beseni.

Mvua ikakata. Siku ya tano udongo ukafanya magamba. Siku ya tisa vichipukizi vilivyotoka vilikuwa vikihesabika, na mama mkwe, ambaye hakusema neno lolote la kujisifu, alipita kando ya shamba bila kutazama. Huenda hilo lilimuuma yule mke kuliko kama angesemwa.

Yapo mambo ambayo mvua za kwanza huyaleta na watu wakashukuru. West Nile imo katika ukanda wa Afrika unaosumbuliwa na homa ya uti wa mgongo wakati wa ukavu na vumbi, na hewa ikipata unyevu ugonjwa huo kwa kawaida hurudi nyuma. Malaria, kwa bahati mbaya, hupishana nao mlangoni; vyandarua vilivyofanywa mapazia wakati wa kiangazi hurudishwa vitandani, au ingefaa virudishwe. Maembe nayo huanza kuanguka wakati maghala yamebaki na sakafu tu, na watoto hushiba kwayo bila kuomba ruhusa.

Kisha kumbikumbi. Wanapotoka katika vichuguu baada ya mvua, taa huwashwa juu ya shimo, watoto hupiga vijiti kuwaita, na harufu ya kukaangwa kwao huenea kutoka boma hadi boma. Usiku huo hakuna azungumzaye habari za sare.

Radi ndiyo isiyofanyiwa mzaha. Mawingu ya msimu wa kugeukageuka hujengeka haraka, na ngurumo zake hutangulia mvua. Mwezi wa Agosti 2020, katika wilaya ya Arua, watoto 10 waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia kibanda kujikinga na mvua, radi ikapiga na kuwaua. Tangu hapo wazazi wengi huwaita watoto uwanjani mbingu ikianza tu kugeuka, nao watoto hununa, kwa kuwa siku nyingi hakitokei kitu. Nyumba ya nyasi haizuii radi, mti mrefu ndio mbaya zaidi, na jengo kubwa lenye kuta imara ni afadhali. Lakini mtoto aliye nusu saa kutoka shule, na mbuzi watano wamefungwa malishoni, hana majengo makubwa ya kuchagua.

Kumbikumbi waliruka mara ya pili tarehe 9 Aprili. Mama mkwe aliamka kabla ya kucha, akalichukua beseni mwenyewe, akamwita mkwewe kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo heshima. Walipanda wote wawili na watoto wawili wakubwa, wakijaza mapengo ya nusu ya kwanza na kumaliza nusu ya pili. Mama alichimba vishimo, mkewe mwana akatia mbegu mbili mbili na kufukia kwa unyayo. Beseni lilikwisha mistari sita kabla ya shamba kwisha. Mistari hiyo ikatiwa maharage ya kuazima.

Usiku mvua ilishuka bila upepo, ikaendelea kwa mlio mmoja. Simu ililia saa tatu. Mume aliuliza jambo, mke hakusikia kwa sababu ya bati. Akarudia, hakusikia tena. Hata hivyo alilijua swali, akafungua mlango na kunyoosha mkono wenye simu nje, ili asikie mwenyewe.