Njia ya Pili ya Maji

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje, ila kazi nimeifanyia Lindi, kwenye mvuke wa viwanda vya korosho. Korosho ghafi hupikwa kwa mvuke kabla ya kubanguliwa, ili ganda lilegee na punje itoke nzima. Watu hudhani mwendesha boila ni mtu wa moto. Moto kwetu haukuwa shida. Maganda ya korosho yana mafuta, yanawaka vikali mno. Shida ni maji.

Boila ikiwa na presha ya bar 8, pampu lazima iyasukume maji kwa nguvu inayozidi hiyo, sawa na kuyapandisha mita 80 na ushee. Tangi tuliliweka kwenye nyuzi 80 hadi 90, maana maji baridi hubeba oksijeni inayokula chuma. Lakini maji ya moto hivyo yakivutwa kwa shida huchemka ndani ya pampu, ndiyo maana tangi hukaa juu na pampu chini. Fundi aliyenifundisha alinishikisha kiganja juu ya pampu. “Sikiliza, mwanangu. Ikilia kama inatafuna changarawe, mota iache. Panda ukaangalie tangi na chujio.” Nami vijana wangu nimewafundisha hivyohivyo.

Kiwanda kimoja kilikuwa na pampu mbili, zote za umeme. Mimi nazihesabu ni moja, na umeme ukikatika hakuna hata hiyo. Boila ya gesi au dizeli hujizima umeme ukienda. Maganda yanaendelea kuwaka. Siku ulipokatika tanuru limejaa, tulifunga hewa, tukakokoa maganda nje kwa reki, macho kwenye kioo cha maji. Maji yalishuka mpaka karibu na mwisho wa kioo, yakakomea hapo. Yangepotea kabisa, tusingethubutu kuwasha pampu hata umeme uliporudi, kwa kuwa maji yakigusa mabomba yaliyopata moto kupita kiasi hugeuka mvuke kwa ghafla, na boila inaweza kupasuka.

Nikadai injekta. Mfaransa Henri Giffard aliisajili mwaka 1858. Haina mota: mvuke wa boila yenyewe hupita kwenye tundu jembamba, huvuta maji na kuyasukuma ndani ya boila ileile. Wakubwa waliiona ya kizamani. Sikukubali, na hadi leo sikubali: penye moto wa maganda au kuni na umeme wa kukatika, boila isiyo na njia ya maji nje ya umeme isiwashwe.

Ilipoletwa niliifungia tangi lake la maji baridi, kwa sababu maji ya moto huyakataa. Kila Jumatatu asubuhi tuliijaribu, umeme uwepo usiwepo: fungua maji kwanza, halafu mvuke, rekebisha mpaka kibomba cha kumwagia kikauke na maji yaanze kupanda kwenye kioo.