Simu ya Laki Nne na Nusu: Uzuri Wake, Udhaifu Wake na Deni Letu



Kila fedha za kujikimu zinapoingia, wanafunzi wangu huniuliza wanunue simu gani. Kwa miaka mingi nimelikwepa swali hilo kwa kusema kwamba mimi ni mwalimu wa sayansi ya siasa, si fundi. Leo nalijibu, ingawa jibu lenyewe limenifikisha mahali ambapo sikutarajia kufika.

Siku mbili kabla ya safari yangu ya kwenda mkoani Mara kuwakagua wanafunzi waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo, kompyuta yangu mpakato ilizima na haikuwaka tena. Nilibaki na simu janja niliyoinunua miezi minane nyuma kwa shilingi 450,000. Kwa wiki tatu, kati ya Musoma, Bunda na Butiama, simu hiyo ilikuwa daftari, kamera, posta, benki na meza yangu ya kazi. Chapa yake siitaji, kwa kuwa ninayoyasema yanazihusu simu nyingi za bei hiyo: zile ambazo si za anasa, wala si za kununuliwa kwa chenji.

Nianze na Musoma, ambako simu yangu ilinipa sababu nyingi za kuisifu. Sifa ya kwanza ni betri. Simu nyingi za daraja hili sasa huja na betri ya mAh 5,000, na yangu ilitoka nami saa kumi na mbili asubuhi ikarudi saa tatu usiku ingali na uhai, hata siku ambayo umeme ulikatika tangu mchana. Sifa ya pili ni nafasi ya laini mbili. Katika nchi ambayo mtandao mmoja hushika vizuri mjini na mwingine vijijini, laini mbili ni bima. Sifa ya tatu ni kamera, ambayo niliitumia kunakili maandalio ya masomo na taarifa za wanafunzi, nikazituma chuoni jioni hiyo hiyo zikasomeka bila shida.

Hapo hapo, hata hivyo, nitoe onyo. Tarakimu kubwa za megapikseli zilizoandikwa kwenye boksi, 50 au 108, hazisemi mengi juu ya ubora wa picha. Zipo pia lenzi za ziada za megapikseli mbili ambazo aghalabu huongezwa ili mgongo wa simu upendeze. Piga picha ndani ya duka, penye mwanga hafifu, kisha uikuze. Hicho ndicho kipimo.

Katika soko la Mwigobero, kando ya ziwa, nilimkuta mama mmoja muuza dagaa mwenye simu mbili. Simu janja, aliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni kuikinga na maji na magamba, huitumia kuwatumia wateja wake wa Mwanza picha za mzigo. Fedha zake lakini zimo ndani ya kitochi. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mtoto: "Mwanangu, hii ya vibonye ndiyo benki. Ile nyingine ni dirisha la duka. Dirisha likivunjika, benki inabaki." Nimesoma vitabu kadhaa juu ya usimamizi wa hatari, na sikumbuki kimoja kilichoeleza jambo hilo kwa uwazi kiasi hicho.

Kutoka Musoma nilikwenda Bunda, na huko udhaifu ukaanza kujitokeza. Jua la saa saba halina urafiki na vioo vya bei ya kati. Nikiwa katika uwanja wa shule moja nje kidogo ya mji, sikuweza kusoma hata jina la mwanafunzi niliyetakiwa kumpigia. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti, na simu yenye niti 500 hufaa sebuleni kuliko uwanjani. Mwalimu, bwana shamba na mhudumu wa afya ya jamii, ambao kazi zao ziko nje, wanapaswa kuuliza jambo hili kabla ya kuuliza rangi.

Udhaifu wa pili ni maneno ya kibiashara. Simu yangu iliuzwa kama yenye RAM ya "8+8". Ukweli ni kwamba nane ya kwanza ndiyo RAM. Nane ya pili ni sehemu ya hifadhi ya ndani iliyoazimwa kufanya kazi ya RAM, nayo ni ya polepole zaidi. Mnunuzi huhesabu kumi na sita, na hakuna muuzaji aliyemsahihisha.

Udhaifu wa tatu niliujua kwa fundi simu wa Bunda mjini, nilipompelekea simu iliyopata ufa baada ya kuniponyoka wakati nashuka kwenye bodaboda. Aliigeuza mara mbili, akaguna. "Mzee, kioo cha hii hapa hakipo. Tuagize Mwanza, na ni laki moja na themanini." Kwa maneno mengine, kioo peke yake kilikuwa asilimia 40 ya bei ya simu. Akanipa nasaha ambayo nami nakupa: kabla hujanunua simu, mtembelee kwanza fundi wa mtaani kwako, umuulize ni kioo cha simu gani anacho kabatini.

Lipo jambo la nne, lisiloonekana kwa macho. Simu hupokea masasisho ya usalama kwa muda aliouahidi mtengenezaji: nyingine miaka miwili tu, nyingine minne au mitano. Baada ya hapo simu huendelea kuwaka, lakini milango yake haikaguliwi tena. Kwa kuwa sasa mishahara, mikopo na michango ya misiba yetu yote hupita humo, muda wa masasisho ni sehemu ya bei, hata kama haukuandikwa kwenye risiti. Na usisahau kukagua uhalali wa simu yenyewe: bonyeza *#06#, uipate namba ya IMEI, uitume kwenda 15090. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia, wengi walijifunza kwamba simu ya bei chee inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Wiki ya tatu nilikuwa Butiama. Katika shule niliyotembelea, mtandao hupatikana juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya jengo la utawala. Masafa ya chini, kama 700 na 800, husafiri mbali kuliko yale ya juu, na simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine huenda haikuwekewa masafa yanayotumika hapa. Yangu ilishika. Juu ya jiwe nilimkuta mwalimu wa shule hiyo akijaza taarifa zake za utendaji katika PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya OPRAS. "Karibu, Daktari," alisema akicheka, "hii ndiyo ofisi yangu ya pili." Hakuulalamikia mfumo, na mimi naamini kwamba kupima utendaji wa mtumishi ni jambo jema. Nilichokiona ni kwamba simu, bando na jiwe vilikuwa vyake mwenyewe.

Mwanafunzi niliyekwenda kumkagua pale alifundisha vizuri sana. Baada ya kipindi nilikaa naye nikijaribu kuandika ripoti yake kwenye simu yangu. Jedwali lilihama, aya zikaungana, orodha ya marejeo ikavurugika kila nilipogusa neno. Nilianza upya mara tatu. Binti yule alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa adabu: "Samahani, Daktari. Usiandike yote pamoja. Andika kipande kipande, jitumie kwa barua pepe, uviunganishe mwisho." Nilimuuliza amejifunzia wapi. "Insha yako ya mwaka jana, Daktari. Niliiandika kwenye simu hii." Akanionyesha. Ilikuwa simu ndogo ya RAM ya GB 2, kioo chake kimepasuka pembeni.

Insha hiyo niliikumbuka. Ilikuwa na hoja nzuri na mpangilio mbaya, nami nilimkata alama za mpangilio na marejeo, kisha nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umelipua kazi." Aliniambia iliichukua siku tisa, usiku, kwa sababu kompyuta za chuo ni chache na chumba chake hufungwa mapema. Hakusema hayo kwa kulalamika. Alikuwa ananielekeza namna ya kuandika jedwali.

Nilimwomba radhi. Nilimweleza pia ukweli mchungu kwamba matokeo yale yalikwisha kupitishwa na Seneti, na kwamba C yake itabaki C. Alisema, "Haina neno, Daktari." Lakini mimi najua lina neno, kwa kuwa alama hiyo itamfuata kila atakapoomba kazi au kutaka kuendelea na masomo.

Jioni nilipita Mwitongo, aliko zikwa Mwalimu Nyerere. Nilikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambamo takriban watu milioni mbili walijifunza usafi na kinga ya maradhi kwa njia ya redio. Waliopanga kampeni ile walijua kwamba redio ni chache. Kwa hiyo waliunda vikundi vya kusikiliza pamoja, wakaandaa viongozi wa vikundi na vijitabu. Walianza na hali ya mwananchi, ndipo wakaja kwenye chombo.

Sisi leo tumegeuza utaratibu. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu yako mtandaoni, maombi ya ajira serikalini yako mtandaoni, likizo ya mtumishi iko mtandaoni, na insha ya mwanafunzi wangu iko mtandaoni. Kaunta ya ofisi imehamia mfukoni mwa mwananchi, naye ndiye aliyeinunua kaunta hiyo. Serikali ililiona tatizo la bei: mwaka 2021 simu janja zilisamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani, na mwaka 2022 msamaha huo ukafutwa kwa maelezo kwamba haukuwanufaisha walengwa. Huenda ni kweli haukuwafikia. Lakini dawa isiyomfikia mgonjwa haithibitishi kwamba mgonjwa amepona.

Sasa nijibu swali la wanafunzi wangu. Simu ya daraja la kati ni chombo kizuri cha kupokea, kupiga picha, kulipa na kuwasiliana, na ni chombo kibaya cha kuandikia kazi ndefu. Ukiwa na laki nne na nusu, tafuta betri kubwa, RAM ya kweli isiyopungua GB 6, hifadhi ya GB 128, kioo kinachosomeka juani, ahadi ya masasisho ya miaka minne, na fundi mwenye vipuri vyake. Mengine ni mapambo.

Na kwetu sisi tunaopanga kazi za wengine, walimu wa vyuo na wakuu wa idara: kabla hatujaagiza jambo lifanywe kwa mtandao, tulifanye sisi kwanza, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa simu ya bei ya chini kuliko zote zilizomo katika chumba chetu. Muhula huu napokea insha zilizoandikwa kwa mkono, na nimeondoa alama za mpangilio kwa asiye na kompyuta. Wenzangu wawili wameniambia kwamba nashusha viwango. Nimewaomba waandike majibu yao kwa simu, maneno elfu tatu, yenye jedwali moja na marejeo kamili. Bado nayasubiri.